Sinema ya Magari Kama Baraza: Tahakiki Fupi

Katika semina yetu moja muhula uliopita niliulizwa swali ambalo sikulijibu vizuri, na makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo. Tulikuwa tunajadili hadhira ya fasihi simulizi tukiilinganisha na hadhira ya sinema. Nikasema, kwa kujiamini kabisa, kwamba sinema ya magari, ile ambayo watu wa Dar es Salaam waliizoea kwa jina la Drive-In, ni kitu kilichokwisha kufa, na kwamba Wamarekani wanaoiendea hadi leo wakati wa likizo zao wanakwenda kuombolezea ujana wa babu zao. Mwenzangu mmoja akanyoosha mkono: "Sasa wale watoto wa miaka saba wanaojaa pale wanaomboleza nini?" Darasa likacheka. Mimi nikatazama saa nikasema muda umekwisha.

Muda haukuwa umekwisha. Nilikuwa sina jibu.

Ndugu msomaji, yawezekana hujawahi kuiona sinema ya namna hiyo, basi hebu niieleze kidogo. Ni uwanja mpana wenye matuta mfano wa mawimbi yaliyoganda. Kila gari linapanda tuta lake na kuinua pua kuelekea skrini kubwa iliyosimamishwa upande mmoja. Katikati ya uwanja kuna banda la projekta, na mara nyingi banda hilo hilo ndilo duka la soda, bisi na soseji. Zamani kila gari lilipewa spika ndogo ya chuma ya kutundika dirishani. Siku hizi sauti hupokewa na redio ya gari kwa masafa ya FM.

Aliyeibuni ni Richard Hollingshead wa New Jersey, Marekani. Alianza nyumbani kwake: projekta juu ya boneti ya gari, shuka imetandazwa mitini, redio nyuma ya shuka. Inasemekana hata bomba la kumwagilia bustani alilifungulia juu ya gari ili aone mvua ingeiharibu picha kwa kiasi gani. Tarehe 16 Mei 1933 alipata hataza, na tarehe 6 Juni mwaka huo huo akafungua lango lake karibu na mji wa Camden, kiingilio senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu. Katika matangazo yake aliwakaribisha wazazi hata kama watoto wao ni wenye makelele. Jambo hilo naomba tuliweke kiporo, tutalirudia.

Kinachonivutia mimi kama mhakiki ni kile hasa alichokidai katika hataza. Hakudai picha, kwani picha zilikuwapo, wala hakudai gari. Alidai tuta, yaani mpango wa kuyainua magari ili gari la nyuma lisizibwe na gari la mbele. Mwaka 1949 mahakama moja ya rufani huko Marekani iliitupilia mbali hataza hiyo kwa hoja kwamba kupanga ardhi namna hiyo si uvumbuzi. Kisheria pengine walikuwa na haki, sijui. Lakini kifani walikosea! Tuta ndilo fani yote ya sinema ya magari. Bila tuta una kituo cha magari chenye ukuta mweupe, basi.

Baada ya kesi hiyo hakukuwa na wa kumlipa ada, na mwaka 1958 sinema hizo zilikuwa zimepita 4,000 nchini Marekani. Leo zimebaki takriban 300. Sababu zake zinajulikana na sitapoteza wino: ardhi ya pembezoni mwa miji ilipanda bei, televisheni ya rangi na video zikaingia sebuleni, sheria ya mwaka 1966 ikaeneza nchini kote ile desturi ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi hata giza likawa linachelewa, na kuanzia mwaka 2013 hivi wenye sinema wakalazimika kununua projekta za kidijitali za makumi ya maelfu ya dola. Mwaka 2020, wakati wa korona, zikafufuka ghafla kwa kuwa kila familia ilikuwa tayari imejitenga ndani ya gari lake.

Lakini maelezo hayo yote yanatuambia kwa nini zilikufa zile 3,700. Hayatuambii kwa nini hizi 300 hazifi. Hapo ndipo lilipolala swali la mwenzangu.

Nitatoa ushahidi wa macho yangu. Kiangazi kimoja (kiangazi cha wenzetu, yaani Juni hadi Agosti, wakati sisi Dar tunavaa sweta za kipupwe) nilikuwa nikiosha vyombo katika mkahawa wa samaki huko Cape Cod, rasi ndefu ya mchanga katika jimbo la Massachusetts. Ni kazi za msimu ambazo hufanywa na wanafunzi kutoka kila pembe ya dunia. Hapo katika mji mdogo wa Wellfleet ipo sinema ya magari iliyofunguliwa mwaka 1957 na ambayo haijawahi kuhama. Mchana uwanja wake huwa gulio la vitu vya mitumba. Usiku huwa sinema. Tulikwenda watu wanne katika gari la mwenzetu mmoja kutoka Bulgaria, gari lenyewe kuukuu, linakohoa.

Tulifika jua bado liko juu, na nikajiuliza tumekuja kufanya nini mapema yote hiyo. Kumbe kuja mapema ndiyo shughuli yenyewe. Jirani zetu wa kulia walikuwa wamegeuza gari, wakafungua mlango wa nyuma ukaelekea skrini, wakatandika godoro na mablanketi. Watoto wao walikuwa tayari wamevaa nguo za kulalia, wanakimbizana uwanjani pamoja na watoto wa magari mengine ambao dakika tano kabla hawakujuana. Baba mtu alikuwa amekaa kiti cha kukunja, miguu mitupu yenye mchanga wa pwani, anazungumza na jirani wa upande wa pili juu ya samaki na bei ya nyumba za kupanga. Alitusalimu. Akatuuliza tunatoka wapi, nikamwambia, akasema "Ah, mbali!" na kutupa pakiti ya biskuti. Picha ilianza karibu saa tatu usiku, ya kwanza ya watoto, ya pili ya wakubwa, na ilipofika ile ya pili watoto wote walikuwa wamekwisha lala.

Picha yenyewe siikumbuki. Nakumbuka ukungu uliopanda kutoka baharini mpaka mwanga wa projekta ukawa unaonekana hewani kama nguo iliyoanikwa. Nakumbuka baridi. Na nakumbuka kwamba mwishoni gari letu lilikataa kuwaka, kwani tulisikiliza redio saa nne mfululizo na betri ikaisha. Yule yule mwenye biskuti akalisogeza gari lake, akatoa waya, akatupa moto.

Sasa turudi kwenye uhakiki. Wengi wanaoandika juu ya sinema ya magari husema mvuto wake ni kumbukumbu. Kielelezo wanachokipenda ni picha ya O. Winston Link aliyoipiga tarehe 2 Agosti 1956 huko Iaeger, West Virginia, iitwayo "Hotshot Eastbound". Ni picha nzuri sana, hilo sibishi. Usiku, magari yamepanga safu. Mbele kabisa kijana na msichana wamekaa katika gari lililo wazi. Kwenye skrini ndege ya kivita inaruka. Na upande wa kulia treni ya moshi inapita kwa kishindo, mvuke wake mweupe umejaa mbingu. Watu wanaitazama wanasema: tazama dunia ilivyokuwa.

Lakini dunia haikuwa hivyo. Link alitumia taa za kumulika nyingi mno, na mwanga wao ulifuta kila kitu kwenye skrini. Ndege tunayoiona aliipiga peke yake, akaichapa juu ya ile picha ya kwanza baadaye. Gari la mbele lilikuwa la kwake mwenyewe, na wale vijana aliwapanga. Kwa maneno mengine, picha inayosifiwa kama kumbukumbu ya kweli ni utunzi, ina fanani, ina wahusika, ina mandhari iliyotengenezwa kwa makusudi. Simlaumu Link kwa hilo, maana ndiyo sanaa. Nawalaumu wanaoitumia kama cheti cha kuzaliwa. Tena tazama vizuri: katika picha ile hakuna anayegeuka kuitazama treni. Link alikuwa akiililia treni ya moshi, ambayo kampuni ile ya reli iliiacha kabisa mwaka 1960. Sinema ya magari ilikuwa kwake pambo la usasa tu. Leo sisi tunailia ile ile aliyoiweka kama alama ya kipya! Kwa hiyo hoja ya kumbukumbu haitufikishi mbali. Kila kizazi kinaweza kuomboleza chochote, na yule mtoto aliyelala kwenye godoro Wellfleet hakuwa na cha kuomboleza.

Kwa mtazamo wangu jibu liko katika uhusiano wa hadhira na mahali. Katika sinema ya ukumbini hadhira imefungwa midomo. Ukiongea unazomewa, ukisimama unamziba mwenzio, mtoto akilia unatoka naye. Hadhira ya ngano, kama tulivyofundishwa tangu mwaka wa kwanza, haiko hivyo: inaitikia, inauliza, inacheka kwa sauti, na watoto wanalala palepale hadithi ikiendelea. Hollingshead alipowakaribisha wenye watoto wa makelele (kile kiporo chetu) huenda alikuwa akiuza tiketi tu. Hata hivyo aliirudishia hadhira mdomo wake.

Isitoshe, upo mfano wa karibu zaidi kuliko ngano, nao ni baraza. Anayeijua nyumba ya Kiswahili anajua kwamba baraza si ndani wala si nje. Umekaa kwako, mgongo kwenye ukuta wako, lakini uso uko njiani na kila apitaye anakusalimu. Ukitaka mazungumzo yapo. Ukitaka kunyamaza, hakuna wa kukuuliza. Mlango wa nyuma wa gari uliofunguliwa kuelekea skrini ni baraza tupu. Na mtu wa likizo ndiye anayeihitaji kuliko wote. Mwenye nyumba mjini ana majirani, hata kama hawapendi. Mtu wa likizo amekodi kibanda kwa juma moja, hamjui yeyote, mchana yuko ufukweni ambako watu hukaa wametenganishwa na taulo, jioni hana pa kukaa. Sinema ya magari inampa mtaa wa usiku mmoja. Ndiyo maana walifika jua likiwa juu. Hata ile katuni fupi ya mwaka 1957 iliyokuwa ikionyeshwa kati ya picha na picha, "Let's All Go to the Lobby", ambayo mwaka 2000 iliingizwa katika hazina ya taifa ya filamu za Marekani, kazi yake ilikuwa kuwaambia watazamaji wanyanyuke waende dukani. Vitafunio vyenye miguu vinaandamana na kuimba, na watu wanatoka magarini wanakutana kwenye foleni. Biashara, ndiyo. Lakini jirani huanzia foleni vilevile.

Najua pingamizi linalokuja, na mwenye kulisema vizuri kuliko wote ni Peter Bogdanovich katika filamu yake ya kwanza kubwa, "Targets" ya mwaka 1968. Boris Karloff anaigiza mzee aliyechoka kuigiza picha za kutisha, akiamini kwamba vitisho vyake vya kale havimtishi tena mtu katika dunia ya sasa. Upande wa pili yupo kijana mtanashati wa familia njema ambaye anaua mkewe na mama yake, kisha anakwenda kujificha nyuma ya skrini ya sinema ya magari na kuanza kuwapiga risasi watazamaji, mmoja mmoja, kupitia tundu. Na hapo ndipo Bogdanovich anapotuonyesha kitu kinachouma: watu wanauawa na jirani zao hawajui. Kila mmoja yumo ndani ya bati lake, spika yake inamnong'oneza sikioni, na risasi inapolia anadhani ni sauti ya picha. Inachukua muda mrefu, mrefu mno, kabla uwanja mzima haujatambua. Baraza gani hiyo, bwana?

Nimelitafakari pingamizi hilo kwa muda na sidhani ninaweza kulifuta. Magari ni kuta. Mtazamaji wa baridi na mvua, aliyefunga vioo, ni mpweke kuliko aliye ukumbini, kwani huyu wa ukumbini angalau anausikia mguno wa mwenzake. Lakini angalieni Bogdanovich anavyolimaliza. Yule mzee anashuka garini, anatembea kwa miguu kumwelekea muuaji, wakati huohuo uso wake mkubwa uko kwenye skrini naye anatembea. Kijana anaona Karloff wawili, anachanganyikiwa, anapiga huku na huku, na mzee anamzaba makofi kama mtoto mtukutu. Kinachomshinda muuaji ni mtu kutoka garini. Picha ya mwisho ni asubuhi, uwanja mtupu, na gari moja tu lililobaki, la muuaji. Bogdanovich anakubaliana nami nusu: ndani ya gari hakuna hadhira, hadhira huanza mlango unapofunguliwa. Kwa hiyo nairekebisha kauli yangu. Sinema ya magari ni baraza kwa yule tu anayekubali kufungua mlango, na watu wa likizo hufungua kwa sababu ni kiangazi na hawana haraka.

Lipo pingamizi la pili, zito zaidi, na hili sitalipunguza. Baraza hujengwa na mwenye nyumba. Katika majimbo ya Kusini enzi za ubaguzi, sinema nyingi za magari ama ziliwafungia Weusi lango ama ziliwatengea sehemu yao, mpaka sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo. Wanaoililia miaka ya hamsini huwa hawaitaji habari hii, au huitaja kwa sentensi moja kisha wanarudi kwenye bisi. Nami pale Wellfleet, pakiti ya biskuti mkononi, nilijiuliza babu zangu wangekaa tuta gani.

Na kwetu je? Drive-In ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1966, Msasani, kando ya Barabara ya Bagamoyo ya zamani. Sinema yenyewe haipo. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi mpya ulijengwa pale pale penye uwanja wa sinema, ukafunguliwa mwaka 2003. Palipokuwa na skrini sasa pana kuta nene ambazo hakuna anayepanda kuchungulia. Sitaki kulifanya hilo fumbo, ni habari ya ardhi tu. Lakini si mchezo, Wamarekani ndio waliobuni sinema ya magari halafu wakaja kukaa juu ya ile ya kwetu.

Nilipokuwa nikiandaa makala haya nilimwendea mjomba wangu ambaye ujana wake ulipita Kinondoni. Nilimwamkia, nikamwambia nataka anihadithie Drive-In, kwa sababu nilisikia alikuwa mpenzi mkubwa wa pale. "Marahaba," akasema. "Mpenzi nilikuwa. Ndani sikuwahi kuingia." Gari nyumbani kwao halikuwapo, wala hela. Yeye na wenzake walikuwa wakipanda mti nje ya uzio. Picha waliiona yote, kubwa, safi. Sauti hawakuipata hata chembe, maana sauti ilikuwa magarini.

"Sasa mlikuwa mnaelewa nini, mjomba?"

"Tulikuwa tunasema wenyewe."

Kumbe walikuwa wamegawana wahusika. Huyu anamsemea jambazi, yule anamsemea bwana harusi, mmoja mwenye sauti nyembamba analazimishwa kuwa bibi harusi. Picha za Kihindi zilikuwa rahisi kwa sababu ya machozi. Za karate zilikuwa rahisi zaidi. Anayesema vibaya anasukumwa tawini. Hayo yalikuwa miaka mingi kabla ya kina Lufufu kuanza kutusimulia mikanda kwa Kiswahili. Mimi niliyekuwa nikiitafuta hadhira inayoitikia, nikiitafuta Massachusetts na katika sinema za Bogdanovich, nikaikuta juu ya mti wa Msasani, tena upande usiolipa.

Siwezi kusema walikuwa na raha kuliko waliokuwa ndani. Mjomba hasemi hivyo. Anasema miguu ilikuwa inakufa ganzi na mlinzi alikuwa na fimbo. Ipo picha moja ambayo walifukuzwa ikiwa imebaki kidogo tu kumalizika. Bwana mmoja alikuwa amempoteza mkewe katika mafuriko, miaka imepita, amekuwa mzee, na sasa yuko stesheni, treni imeingia, mwanamke anashuka, amejifunika uso. Hapo ndipo fimbo ilipofika.

"Mpaka leo," mjomba akaniambia, "sijui alikuwa yeye au hakuwa yeye."

Nikamwambia siku hizi picha hizo zinapatikana, anipe jina niitafute tuitazame pamoja. Akafikiri kwa muda mrefu. Jina hakulijua, lilikuwa limekwisha pita kabla hawajapanda mtini.